Usakinishaji wa Kuharirika wa Zana za Uchanganuzi wa Lugha: Mfano wa Lugha za Wilaya za Ngara na Biharamulo

IKISIRI

Makala haya yanaeleza dhana ya usakinishaji wa kuharirika, yaani utaratibu wa kuweka programu katika kompyuta kwa namna ambayo amri anayoitumia mtafiti husoma moja kwa moja faili zile zile anazozihariri, badala ya kusoma nakala yake. Dhana hiyo inajadiliwa kuhusiana na zana za mstari wa amri zinazochanganua mofolojia ya lugha za Kibantu, na mifano imeelekezwa katika lugha zinazozungumzwa Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Hoja kuu ni kwamba zana isiyoruhusu usakinishaji wa aina hii humnyima mjuzi wa lugha uwezo wa kuisahihisha pale alipo, na kwamba zana inayouruhusu bila uangalifu inaweza kumpotosha mtafiti kuhusu lugha anayoichunguza.

1.0 Utangulizi

Matumizi ya kompyuta katika uchanganuzi wa lugha za Kibantu si jambo jipya. Baada ya Koskenniemi (1983) kutoa kielelezo chake cha mofolojia ya ngazi mbili, Hurskainen (1992) alionyesha jinsi kielelezo hicho kinavyoweza kuchanganua maumbo ya maneno ya Kiswahili. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa mfumo wa SALAMA katika Chuo Kikuu cha Helsinki. Mwaka 2004 programu za ofisi zilipatikana kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, kazi iliyofanywa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2009 Hulden alitoa foma, zana huria ambayo mwanaisimu yeyote anaweza kuitumia kuandika kanuni za mofolojia na fonolojia, kisha kuzigeuza kuwa mashine inayotambua na kuzalisha maneno.

Maendeleo hayo yamezungumziwa sana kwa upande wa nadharia na wa istilahi. Upande wa utendaji umeguswa kidogo mno. Swali ambalo kila mradi wa namna hii hukutana nalo ni hili: kanuni ikionekana kuwa na kasoro, nani anaweza kuirekebisha, akiwa wapi, na baada ya muda gani marekebisho hayo yataonekana katika kazi ya zana? Jibu la swali hilo hutegemea kwa kiasi kikubwa namna zana ilivyosakinishwa.

2.0 Usuli: Lugha za Ngara na Biharamulo

Wilaya za Ngara na Biharamulo ziko kusini mwa Mkoa wa Kagera. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Lugha zake kuu za asili ni Kihangaza, chenye kitovu chake Bugufi, na Kishubi, lugha ya Bushubi. Katika uainishaji wa Guthrie, kama ulivyofanyiwa marekebisho baadaye, Kishubi ni JD64 na Kihangaza ni JD65. Zote mbili zimo katika kundi moja na Kinyarwanda (JD61), Kirundi (JD62) na Kiha (JD66). Biharamulo ina Kisubi, Kizinza (JE23) na wazungumzaji wengi wa Kisukuma waliohamia huko. Kizinza ni ndugu wa Kihaya, Kinyambo na Kikerebe, na si wa kundi la Kirundi. Kwa hiyo mpaka baina ya makundi mawili ya lugha za Kibantu unapita katika eneo hili dogo.

Majina ya lugha hizi yenyewe ni chanzo cha utata. Kishubi cha Ngara na Kisubi cha Biharamulo hutofautiana kwa herufi moja tu katika maandishi, na mara nyingi huchanganywa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 639-3 kimezipa lugha hizo alama tofauti: suj kwa Kishubi na xsj kwa Kisubi, wakati Kihangaza ni han na Kizinza ni zin. Faili la msamiati lililopewa alama isiyo yake linaweza kuingizwa katika lugha nyingine bila mtu kugundua kwa muda mrefu.

Historia ya karibuni imeongeza ugumu. Kuanzia tarehe 28 Aprili 1994, takriban wakimbizi 250,000 kutoka Rwanda walivuka mpaka wa Rusumo kwa muda wa siku moja hivi na kuingia Ngara, na kambi ya Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa kuliko zote duniani. Wengi wao walirudishwa Rwanda mwezi Desemba 1996, lakini Warundi waliendelea kuishi katika kambi za eneo hilo kwa miaka mingi baadaye. Sauti zilizorekodiwa Ngara katika kipindi hicho haziwezi kuchukuliwa moja kwa moja kuwa ni Kihangaza au Kishubi. Anayeweza kuzitenganisha kwa uhakika ni mzungumzaji wa lugha husika.

Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, uliweka msingi wa kuzijua lugha hizi na mahali zinapozungumzwa. Hatua ya kuziundia zana za kompyuta inahitaji wajuzi walioko Rulenge, Kabanga au Nyakahura washiriki katika kusahihisha, si katika kutoa data peke yake.

3.0 Dhana na Istilahi

Kusakinisha programu ni kuiweka katika kompyuta ili iwe tayari kutumika. Katika usakinishaji wa kawaida, faili za programu hunakiliwa kutoka katika saraka ya chanzo na kupelekwa katika saraka maalumu ya mfumo. Tangu hapo kunakuwa na vitu viwili: chanzo, ambacho mwandishi anaweza kukihariri, na nakala, ambayo ndiyo inayofanya kazi. Mabadiliko katika chanzo hayaigusi nakala mpaka programu isakinishwe upya.

Katika usakinishaji wa kuharirika hakuna nakala. Kinachowekwa katika saraka ya mfumo ni kielekezi kinachosema, kwa maneno mengine, kwamba programu hii isomwe kule iliko. Uhusiano huo unafanana na ule uliopo baina ya kitabu kilichopigwa chapa na muswada. Anayesoma kitabu husoma maneno yalivyokuwa siku kilipochapwa, na anayesoma muswada ulioko mezani kwa mwandishi husoma masahihisho ya asubuhi ile ile.

Kwa upande wa istilahi, kitenzi sakinisha kimekwisha kubalika katika tafsiri za programu. Tatizo liko katika kivumishi. Istilahi tatu zinaweza kufikiriwa: usakinishaji wa kimaendelezo, usakinishaji wa muswada na usakinishaji wa kuharirika. Ya kwanza hutaja kusudi la usakinishaji bila kutaja namna unavyofanya kazi, na inaweza kudhaniwa kuwa ni kuendeleza usakinishaji wenyewe. Ya pili ina picha nzuri, lakini humfanya msomaji afikiri kwamba programu haijakamilika, jambo ambalo si lazima liwe kweli. Ya tatu hutumia kauli ya kutendeka ya kitenzi hariri, na inaeleza sifa inayoutofautisha usakinishaji huu na mwingine. Kwa kuzingatia miongozo ya Tumbo-Masabo na Mwansoko (1992) kuhusu uundaji wa istilahi, hasa uwazi wa maana na uwezo wa kuzalisha istilahi nyingine, ya tatu ndiyo inayotumika hapa.

4.0 Kasoro ya Kanuni na Tafsiri Yake

Umuhimu wa tofauti hiyo unaonekana wazi katika mfano wa kifonolojia. Lugha za kundi la Kirundi zinajulikana kwa Kanuni ya Dahl, ambayo kwayo konsonanti sighuna ya kiambishi hugeuka kuwa ghuna ikiwa silabi inayofuata inaanza na konsonanti sighuna. Mifano ifuatayo ni ya Kirundi:

(1) a. ku- + -kora > gukora 'kufanya kazi'
b. ku- + -teka > guteka 'kupika'
c. ku- + -soma > gusoma 'kusoma'
d. ku- + -fata > gufata 'kushika'

(2) a. ku- + -rima > kurima 'kulima'
b. ku- + -vuga > kuvuga 'kusema'

Chukulia kwamba kipo kichanganuzi cha lugha ya kundi hili kinachoendeshwa kwa amri changanua, na kwamba mwandishi wake wa kwanza aliorodhesha vipasuo /k/ na /t/ peke yake kama mazingira ya kanuni. Kichanganuzi hicho kitatambua (1a) na (1b), lakini kitakataa (1c) na (1d), kwa sababu vikwamizo /s/ na /f/ havimo katika orodha. Mjuzi wa lugha aliyeko Ngara anaona kosa, anafungua faili la kanuni, anaongeza konsonanti zinazokosekana, kisha anaendesha amri tena.

Ikiwa zana ilisakinishwa kwa njia ya kawaida, changanua itaendelea kukataa gusoma kama mwanzo. Hapo kuna hatari kubwa kuliko usumbufu wa kurudia kazi. Anayefanya masahihisho anaweza kudhani kwamba kanuni aliyoiandika si sahihi, akaifuta, akatafuta maelezo mengine: labda toni, labda historia ya mzizi, labda athari ya lugha jirani. Kosa la usakinishaji linakuwa limegeuka kuwa dai la kiisimu. Zana isiyosema inasoma faili gani inaweza kumfanya mtaalamu atilie shaka ujuzi wake mwenyewe.

5.0 Namna Usakinishaji wa Kuharirika Unavyofanya Kazi

Maelezo yafuatayo yanahusu lugha ya programu ya Python, ambayo hutumika sana katika zana za isimu kompyuta.

5.1 Historia fupi

Programu jenzi ya setuptools ilikuwa na amri ya develop iliyofanya kazi hii tangu miaka ya 2000, na kisakinishi pip kikaifanya ipatikane kwa maandishi mafupi ya pip install -e. Utaratibu huo ulitegemea setuptools peke yake. Waraka wa PEP 517, uliokubaliwa mwaka 2017, ulitenganisha kazi ya kujenga kifurushi na kazi ya kukisakinisha, ili programu jenzi nyingine nazo zitumike. Hata hivyo, waraka huo haukuweka utaratibu wa usakinishaji wa kuharirika, na kwa miaka kadhaa mradi uliochagua programu jenzi nyingine haukuwa na njia sanifu ya kuupata. Pengo hilo lilizibwa na PEP 660 ya mwaka 2021, iliyoandikwa na Daniel Holth na Stéphane Bidoul. Kisakinishi pip kiliutekeleza waraka huo katika toleo la 21.3 la Oktoba 2021, na setuptools katika toleo la 64 la Agosti 2022.

5.2 Aina za vielekezi

PEP 660 haikulazimisha aina moja ya kielekezi. Njia ya kwanza, iliyo nyepesi, ni faili lenye kiambishi tamati .pth ambalo ndani yake mmeandikwa anwani ya saraka ya chanzo. Python inapoanza kazi hulisoma faili hilo na kuiongeza saraka hiyo katika orodha ya mahali pa kutafuta programu. Njia ya pili ni kuweka kitafutaji, yaani kijiprogramu kinachojua jina la kifurushi na mahali kilipo. Njia ya tatu ni viungo vya mfumo wa faili, ambavyo katika Windows huenda vikahitaji ruhusa maalumu.

Njia ya kwanza hufaa zaidi pale ambapo msimbo wote umewekwa katika saraka ndogo ya src, kwa sababu anwani inayoongezwa haileti pamoja nayo faili za majaribio au za nyaraka. Njia ya pili ni sahihi zaidi katika kuchagua kinachoonekana, lakini programu zinazokagua msimbo bila kuuendesha huenda zisiweze kukiona kifurushi.

5.3 Mambo yasiyobadilika yenyewe

Ni kosa kudhani kwamba katika usakinishaji wa kuharirika kila badiliko huonekana mara moja. Mambo manne hubaki kama yalivyokuwa.

Kwanza, jina la amri. Neno changanua linapoandikwa katika mstari wa amri, kompyuta huendesha kianzishi kidogo kilichotengenezwa siku ya kusakinisha kutokana na maelezo yaliyomo katika faili la pyproject.toml. Amri mpya, kwa mfano zalisha, haitapatikana mpaka usakinishaji urudiwe.

Pili, data elezi za kifurushi, ikiwemo namba ya toleo. Chanzo kinaweza kuwa kimefika toleo jingine huku orodha ya vifurushi ikiendelea kuonyesha toleo la zamani.

Tatu, vitu vinavyotokana na ukusanyaji. Faili la kanuni za foma halisomwi na kichanganuzi moja kwa moja. Hugeuzwa kwanza kuwa mashine ya hali zenye ukomo na kuhifadhiwa katika faili jingine. Kuhariri kanuni bila kuunda mashine upya hakubadilishi chochote. Kwa zana za mofolojia hili ndilo jambo linalopotosha zaidi, kwa maana mtumiaji anajua kwamba usakinishaji wake ni wa kuharirika na hivyo hana sababu ya kuushuku.

Nne, programu ambayo tayari inaendeshwa. Mabadiliko huonekana amri inapoanzishwa upya.

6.0 Wajibu wa Mtengenezaji wa Zana

Kutokana na maelezo hayo, kusema kwamba zana inaruhusu usakinishaji wa kuharirika ni kusema kwamba mtengenezaji ametimiza masharti kadhaa.

Sharti la kwanza ni kuchagua programu jenzi inayotekeleza PEP 660 na kuitaja katika pyproject.toml.

Sharti la pili ni kwamba zana itafute msamiati na kanuni kwa kuuliza kifurushi chenyewe kiko wapi, si kwa kutegemea saraka ambamo mtumiaji amesimama. Zana inayotafuta faili katika saraka ya sasa itafanya kazi kwa mtengenezaji na kushindwa kwa kila mtu mwingine.

Sharti la tatu ni kulinganisha tarehe ya faili la kanuni na ya mashine iliyotokana nalo. Kanuni zikiwa mpya kuliko mashine, zana iunde mashine upya, au angalau itoe onyo. Kichanganuzi cha mfano uliotajwa kingeepusha upotovu wote kwa sentensi moja inayosema kwamba kanuni zimebadilika tangu mashine ilipoundwa.

Sharti la nne ni kujitambulisha. Amri ya kuuliza toleo ioneshe pia saraka ambamo msimbo unasomwa, alama ya lugha inayotumika, na kama usakinishaji ni wa kuharirika. Kwa kufuata PEP 610, pip huhifadhi habari hiyo ya mwisho katika faili la direct_url.json, hivyo si vigumu kuipata. Pale ambapo suj na xsj ziko katika kompyuta moja, taarifa kama hiyo ni kinga ya lazima.

Sharti la tano ni kuijaribu zana kwa njia zote mbili. Usakinishaji wa kuharirika huona kila faili lililo katika chanzo, hata lile ambalo halikuorodheshwa kuingia katika kifurushi. Matokeo yake ni kwamba zana hufanya kazi kikamilifu Ngara, kisha kifurushi kikipelekwa kwa mwenzi aliyeko Biharamulo, amri inafunguka lakini msamiati haumo. Kasoro ya namna hiyo haiwezi kugunduliwa na mtu anayetumia usakinishaji wa kuharirika peke yake.

7.0 Mazingira ya Uwandani

Hali ya mtandao inastahili kuzingatiwa pekee. Chini ya utaratibu wa sasa, pip install -e kwa kawaida huandaa mazingira tenga ya ujenzi na kupakua programu jenzi kutoka katika intaneti, hata kama programu hiyo imo katika kompyuta tayari. Mahali ambapo intaneti ni ya kukatika, usakinishaji hushindwa kwa sababu isiyohusiana na zana yenyewe. Njia ya kuepuka hilo ni kusakinisha programu jenzi mapema, mtandao ukiwepo, kisha kuongeza --no-build-isolation katika amri. Vifurushi vingine vinavyohitajika vinaweza kubebwa katika flashi na kusakinishwa kwa --no-index pamoja na --find-links. Maelekezo haya yapaswa kuwemo katika mwongozo wa kila zana inayokusudiwa kutumika uwandani.

Jambo la pili ni mahali pa kuweka chanzo. Kwa kuwa kilichosakinishwa ni kielekezi tu, saraka ya chanzo ikihamishwa au kufutwa, amri hufa. Mtafiti aliyeweka chanzo katika flashi atapoteza kichanganuzi chake mara atakapoichomoa. Chanzo kikae katika kompyuta yenyewe, na flashi itumike kusafirishia.

Jambo la tatu ni kutenganisha. Kila lugha iwe na mazingira pepe yake, ili kichanganuzi cha Kizinza kinachohaririwa kisiingiliane na kile cha Kihangaza kinachotumika katika uchambuzi uliokwisha anza.

8.0 Athari kwa Uthibitishaji wa Matokeo

Uwezo wa kubadilisha zana papo hapo una gharama yake. Matokeo yaliyopatikana asubuhi na yale yaliyopatikana jioni yanaweza kuwa ya zana mbili tofauti zenye namba moja ya toleo. Tasnifu inayosema kwamba asilimia fulani ya maneno ilitambuliwa haiwezi kuhakikiwa ikiwa msomaji hawezi kuipata zana ile ile.

Kwa sababu hiyo yafaa kazi igawanywe katika hatua mbili. Katika hatua ya kusahihisha, usakinishaji wa kuharirika utumike bila kizuizi, na kila badiliko lihifadhiwe katika mfumo wa kudhibiti matoleo kama Git pamoja na maelezo mafupi ya sababu yake. Katika hatua ya kupima, toleo lifungwe, lipewe namba, lisakinishwe kwa njia ya kawaida katika mazingira mapya, na matokeo yatakayochapishwa yatokane na hilo peke yake. Mgawanyo huo si mgeni kwa wanaleksikografia, ambao kadi zao husahihishwa kila siku, lakini wanaorejelewa hutaja toleo la kamusi na mwaka wake.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba usakinishaji wa kuharirika ni kuondoa nakala iliyoko kati ya mhariri na zana. Imeonyeshwa kwamba uondoaji huo haukamiliki wenyewe: majina ya amri, data elezi, mashine zilizokusanywa na programu zinazoendeshwa hubaki nyuma, na ni wajibu wa mtengenezaji kumjulisha mtumiaji. Aidha imeonyeshwa kwamba kwa lugha ndogo zenye majina yanayokaribiana na zisizo na wataalamu wengi wa kompyuta, suala hili lina uzito wa kiisimu, kwa kuwa huamua ni masahihisho ya nani yanayoingia katika zana na yanaingia lini. Wanafunzi wa uzamili wanaokusudia kuunda vichanganuzi vya Kihangaza, Kishubi, Kisubi au Kizinza wanashauriwa kuliamua jambo hili mwanzoni mwa kazi, kabla msamiati haujakua, na kuueleza uamuzi wao katika sura ya mbinu za utafiti kama wanavyoeleza namna walivyopata watoataarifa wao.